Kozi Iliyoota Ukutani

Daktari hakuwa daktari. Jina hilo alibandikwa na baba yake utotoni, siku alipomfunga kuku mguu uliovunjika kwa vijiti vya aiskrimu, na kuku yule akaishi akichechemea mpaka siku ya kuliwa. Tangu hapo jina halikubanduka. Alipomaliza sekondari aliomba kusomea udaktari kweli, alama zikampungukia kidogo tu, na chuo kikampa biolojia. Nyumbani alisema maneno mawili: "Nimepata chuo." Baba yake, fundi rangi asiye na maneno mengi, hakuuliza amepata nini. Alivua kofia yake yenye madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka, akatoka nje kulia kidogo, akarudi akasema, "Daktari wangu." Sasa nani angekuwa na roho ngumu ya kumsahihisha mtu katika hali ile? Binti alinyamaza. Alidhani atanyamaza kwa siku moja tu.

Tatizo la kunyamaza ni kwamba wengine wanaendelea kusema. Fundi aliwaambia wateja wake wote. Akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, mwenye nyumba akipita chini, habari ilikuwa hiyo hiyo: binti yangu anasomea udaktari, bado kidogo tu amalize.

Na shahada ya biolojia ina masharti yake, tena masharti yasiyo na huruma. Anayedhani anakwenda kusoma wanyama na maua anapokewa mlangoni na kemia. Akigeuka anagongana na fizikia, na akikimbilia dirishani anakuta hesabu na takwimu zimekaa zinamsubiri. Daktari alizipita zote hizo. Jenetiki aliipita akicheka. Kozi za hiari alichagua zile tu zinazonuka hospitali: damu, vimelea, magonjwa ya kuambukiza. Ikabaki kozi moja ya lazima, Mimea Isiyotoa Maua, naye kila muhula aliipiga chenga kama mtu anavyomkwepa shangazi mwenye tabia ya kutuma watu dukani. Mimea isiyotoa maua! Yaani hata maua yenyewe haina! Alijipa moyo kwamba chuo kitaifuta, maana darasa lake lilikuwa na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole na mhadhiri aliyekaribia kustaafu.

Chuo hakikuifuta. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wa Daktari uliota tende muhula wa mwisho, ofisini kwa mshauri wa masomo, kijana mwenye tai fupi aliyemgeuzia kompyuta ajionee mwenyewe.

"Hii hapa, dada. Bila hii hakuna joho."

"Siwezi kuibadilisha na nyingine? Magonjwa ninazo kozi za ziada."

"Hata ungekuwa nazo gunia zima. Lazima ni lazima. Halafu mama yule anastaafu mwisho wa muhula huu. Ukianguka, itabidi usubiri aajiriwe mwingine, na lini, mimi sijui na bosi wangu hajui."

Daktari alitoka pale akijua hana tena pa kukwepea. Nyumbani shangazi yake, dada yake baba, alikwishachagua rangi ya viti vya kukodi kwa ajili ya sherehe ya mahafali. Wateja wa baba walikwishaalikwa. Na shangazi akishaalika, hata mvua inaomba ruhusa.

Mhadhiri mwenyewe wanafunzi walimwita Bi Lenzi, kwa kuwa pale wanawake wenzake wanapovaa mkufu yeye alining'iniza lenzi ndogo ya kukunja. Maabara yake ilikuwa mwisho kabisa wa korido, baada ya choo kibovu. Ilikuwa na meza ndefu zenye makovu ya tindikali, stuli ambazo kila moja ina mguu mmoja mfupi, na dirisha lisilofungika. Siku ya kwanza alisema watachora kibuyu cha spora, kile kichwa kidogo kinachosimama juu ya kikonyo, ambamo mimea hii hutunza vumbi lake la uzazi. Daktari hakuwa na muda wa kupoteza. Ratiba ya kozi ilikwishataja zoezi hilo, na mchoro alikuwa ameshauandaa nyumbani, kutoka kitabuni, safi, na mdomoni mwa kibuyu amepanga meno kumi na sita yanayolingana. Alibakiza kutia kivuli tu.

Bi Lenzi alisimama nyuma yake, akautazama kwa muda.

"Mchoro mzuri sana. Umekiona wapi?"

"Hapa, mwalimu."

"Hapa wapi?"

"Kwenye sahani yangu ya vielelezo."

"Sahani yako ni tupu, mama. Bado sijagawa."

Darasa zima lilicheka, na kwa kuwa lilikuwa dogo, kila kicheko kilitambulika ni cha nani. Bi Lenzi hakucheka. Aliurudisha mchoro mezani taratibu. "Umechora kitabu," alisema. "Kitabu tunacho maktaba. Mimi nataka macho yako."

Kisha akatoa sharti lake, na hilo ndilo lililokuwa kozi nzima. Kila mmoja atafute kipande cha mmea usiotoa maua, kilicho hai, karibu na mahali anapolala, akitunze, akitazame kila siku muhula mzima, achore anachokiona. Siku ya mwisho alete kidogo maabara, kikiwa hai, na amwonyeshe jambo moja alilolishuhudia mwenyewe bila kulisoma popote. Huo ndio mtihani wa vitendo. Asiye na mmea hai hana mtihani. Akamkabidhi kila mtu lenzi ya idara na kuwafukuza.

Kwa bahati, au kwa kisirani, Daktari hakuhitaji kutafuta mbali. Kinyozi hajinyoi. Nyumba za mji mzima zilimeremeta kwa mkono wa baba yake, lakini ukuta wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe haukuwahi kuonja rangi. Bomba la tangi la maji lilidondosha pale mwaka hadi mwaka, na chini ya tone lile ukuta uliota kitu cha kijani kinene chenye manyoya, ambacho nyumbani walikiita ukoga na jirani mmoja alikitania. "Fundi," alikuwa akisema, "ukuta wako umevaa sweta." Baba alicheka naye. Ila kila alipopita pale aliangalia chini.

Asubuhi ya kwanza Daktari alisogeza lenzi jichoni, jicho likasogea ukutani, akaona kijani. Akaona kijani tena. Alitaka kuondoka. Kisha akakumbuka kicheko cha darasa, akaegemeza kiwiko ukutani lenzi isitikisike, na kile kijani kikaachana, kikawa vitu.

Ulikuwa msitu. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Vilikuwa vimashina vilivyosimama bega kwa bega, kila kimoja na majani yake yamezunguka kwa mpangilio, majani membamba kiasi kwamba mwanga ulipita ndani yake kama unavyopita kwenye sikio la mtoto. Kati ya majani palikuwa na tone la maji, na ndani ya tone pana bomba, na tangi, na wingu, vyote vichwa chini. Mdudu mwekundu mdogo kuliko nukta alitembea pale chini bila haraka, kama mwenye shamba. Vikonyo vilipanda juu kuliko msitu wote, na kila kimoja kilibeba kibuyu, na kila kibuyu kilivaa kikofia cha ncha ndefu. Daktari alisahau mguu wake uliokuwa kwenye dimbwi. Maisha yake yote alikuwa amepita mbele ya kitu kile akienda kuanika nguo.

Alirudi kesho yake. Siku ambayo vikofia vilianza kudondoka aliona kama amekosa harusi kwa kuwa kimoja kilidondoka kabla hajafika. Alichora vibaya, mistari imepinda, lakini alichora cha kwake. Akawa anachelewa darasa la takwimu.

"Unafanya nini huko nyuma kila asubuhi?" mama yake aliuliza.

"Naanika nguo, mama."

"Nguo gani? Kamba iko mbele siku hizi."

Hakumwambia. Angeanzaje? Angemwambiaje baba yake, aliyepanda ngazi miaka yote ile kwa ajili ya udaktari wake, kwamba masomo yenyewe ndiyo haya, kusimama tope na lenzi akichungulia ukoga wa ukutani kwake? Alijisemea atawaambia baada ya mahafali. Mficha uchi hazai, wazee wamesema, naye aliusikia msemo huo kichwani na kuupuuza.

Wiki ya mitihani ya nadharia alihamia bwenini kwa rafiki yake ili asome vizuri. Alirudi nyumbani siku moja kabla ya mtihani wa Bi Lenzi, alasiri, amechoka lakini na furaha, akapitiliza moja kwa moja nyuma ya nyumba bila hata kuweka mkoba.

Ukuta ulikuwa mweupe.

Mweupe kutoka msingi hadi paa, laini, hauna hata doa. Baba alikuwa juu ya ngazi na rola mkononi, amejaa vitone vyeupe hadi kwenye nyusi. Mama na shangazi walikaa kwenye ndoo zilizogeuzwa wakichambua mchele wa sherehe. Baba alimwona, na uso wake ukafunguka wote.

"Usiguse, bado mbichi! Huu mkono wa kwanza tu wa rangi, wa pili kesho. Unaonaje?"

"Baba, kile kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Kipi?"

"Ukoga."

"Ah, nimeukwangua wote kwa brashi ya waya. Kazi yake usiombe! Ulikuwa umeshika kama deni. Hakuna mgeni wa Daktari atakayekuja kuona uchafu kwangu."

Daktari alikaa chini. Alianza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, na mama akaacha mchele.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Ule ulikuwa mtihani wangu," Daktari alisema. "Kesho asubuhi. Bila ule sifanyi mtihani, na bila mtihani simalizi. Hakuna mahafali."

"Ngoja, ngoja," shangazi akadakia, maana kimya kilimwasha. "Mtihani wa udaktari ni ukoga? Tangu lini watu wakatibiwa kwa ukoga?"

"Shangazi, mimi sisomei udaktari. Sijawahi kusomea. Nasomea biolojia. Nasomea huo. Vitu kama huo."

Rola ilidondosha rangi, tone, tone, juu ya turubai. Baba alishuka ngazi kidato kimoja kimoja. Aliiweka rola kwenye trei, akapangusa vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja, kama afanyavyo kila jioni.

"Muda wote huu?"

"Muda wote, baba."

"Na mimi nimewaambia watu."

"Najua."

"Ulinionea aibu?"

"Hapana, baba! Si wewe. Nilijionea aibu mwenyewe. Wewe ulikuwa unafurahi mno."

Baba aliutazama ukuta wake mpya. Ulikuwa ukuta mzuri, kazi ya mtu anayejua kazi, na sasa yeye alionekana kama mtu aliyempiga kofi mtoto asiye na kosa. "Mimi huo ukuta ndio uliokuwa unaniaibisha," alisema hatimaye. "Nikipita pale naangalia chini. Nikasema siku ya mwanangu, angalau siku hiyo moja, nipite nikiangalia mbele." Akakohoa. "Nimeukusanya kwenye mfuko wa saruji. Uko getini. Gari la taka halijapita."

Mfuko ulikuwa umekaa juani tangu mwanzo wa wiki. Baba aliubeba mwenyewe, akaumwaga juu ya mfuniko wa ndoo ya rangi, mweupe, mpana. Ikatoka michanga, magamba ya plasta, vumbi la chokaa, na humo katikati mabonge ya kahawia yaliyojikunja, makavu kabisa, kama majani ya chai yaliyochemshwa yakasahauliwa. Daktari alichukua bonge moja. Lilisagika pembeni likawa unga. Huo ndio uliokuwa msitu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa upole.

"Kimekufa," Daktari alisema. "Nitakwenda kumwambia tu kwamba kimekufa."

"Utakipeleka hivyo hivyo, na chokaa zake?" Mama alikuwa ameshasimama na kopo la maji. "Hata maiti huoshwa."

Akamimina taratibu, kama anayemwosha mtoto kichwa. Maji yaliondoa vumbi, yakazunguka mabonge, yakazama ndani yake. Walikaa wanne kuzunguka mfuniko ule, na hakuna aliyejua wanangoja nini. Shangazi alikuwa tayari anafikiria namna ya kuwaambia watu wa viti. Ndipo baba akainama.

"Kimesogea."

"Nini?"

"Hiki. Hapa. Kimesogea."

"Ni maji, kaka, yanasukuma."

"Maji yametulia. Tazama."

Wakatazama. Jani moja, lililokuwa limejikunja kama ngumi, lilifunguka. Halikurupuka. Lilinyooka pole pole, likalala nje, na mahali lilipotoka pakawa na jingine linalofunguka, na jingine, mpaka bonge zima likawa linatikisika kwa mwendo mdogo usio na upepo. Na rangi! Kahawia ilikuwa inaondoka wakiitazama, ikiachia kijani kutoka chini, kwanza cha uchovu, kisha cha kweli, kijani kile kile cha ukutani. Bonge la pili likaanza. Vile vikonyo vilivyobaki vilijizungusha vyenyewe, kila kimoja kama mtu anayegeuza shingo baada ya usingizi mrefu.

Shangazi, ambaye kunyamaza kwake hakujawahi kushuhudiwa, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mama bado alishika kopo likiwa limeinama, tupu. Daktari alitambua kwamba anaogopa, woga usiomtaka mtu akimbie bali asimame sawasawa. Alikuwa amepita jenetiki akicheka. Angeweza kuandika kurasa juu ya seli na kuta zake. Na hapa palikuwa na kitu kilichokwanguliwa kwa brashi ya waya, kikatupwa kwenye mfuko, kikachomwa na jua la siku kadhaa, na kilichokuwa kikingoja muda wote huo ni kopo la maji la mama yake.

"Mungu wangu," baba alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nilikiita uchafu."

Usiku ule Daktari aliyagawa mabonge mafungu mawili. Yaliyolowa aliyaweka kwenye bakuli lenye maji, yale ambayo maji hayakuyafikia akayarudisha makavu ndani ya mfuko wa saruji.

Asubuhi Bi Lenzi alimwona anaingia maabara na mfuko wa saruji kifuani akainua nyusi. Daktari hakutoa maelezo. Aliweka bonge kavu kwenye sahani, akaomba maji, akadondosha, akarudi nyuma hatua moja. Wote wawili waliinama. Majani yakafanya tena kazi yake.

"Hilo limo kitabuni," Bi Lenzi alisema. "Sura ya nne."

"Sikuisoma, mwalimu."

"Naamini. Ungeisoma usingekuja na macho yaliyovimba." Akavuta stuli, akakaa. "Nani alikiona kwanza?"

"Baba. Ni yeye aliyekikwangua. Alikuwa anapaka rangi kwa ajili ya mahafali yangu."

Bi Lenzi alicheka sana huku akiishika meza, na Daktari, kwa mshangao wake, alijikuta anacheka naye. Kisha yule mama akafuta machozi, akaweka kibuyu kimoja kikavu chini ya hadubini na kumwita.

"Siku ya kwanza ulinichorea meno kumi na sita. Hesabu haya."

Daktari alitazama. Mdomoni mwa kibuyu meno yalisimama yamefunguka nje, membamba, mekundu ya kahawia, na hayakulingana hata kidogo. "Hayafiki, mwalimu. Mengine yamevunjwa na brashi ya baba."

"Vizuri. Umeona. Sasa toa jicho, pumulia hapo kwenye kibuyu, taratibu, kama unapasha vidole. Halafu tazama haraka."

Akapumua. Akatazama. Meno yalikuwa yanainama, yote, yakijikunja kuelekea ndani, yakaufunga mdomo wa kibuyu. Unyevu wa pumzi yake ulipokauka, meno yakainuka tena, moja likikwama, likateleza, na vumbi la spora likaruka hewani punje kwa punje.

"Yananisikia," alisema.

"Yanasikia unyevu. Hewa ikiwa na mvua yanafunga, hewa ikiwa kavu yanafungua, spora zipate kusafiri. Na unajua nini? Hayo meno yamekufa. Yalikufa kabla kibuyu hakijafunguka, ndiyo kazi yake. Hayana uhai hata chembe, na bado yanajua wakati wa kufungua." Bi Lenzi alisogeza jicho lake kwenye hadubini, akapumua kidogo, akatazama, na uso wake wa uzee ukawa wa msichana. "Nimeyapumulia tangu nikiwa kama wewe. Mwisho wa mwezi narudisha ufunguo wa chumba hiki, na bado kila mara nasema, hapana, haiwezekani."

Walipeana zamu pale kwa muda mrefu kuliko mtihani unavyotaka. Mwishowe Bi Lenzi akasimama.

"Umepita. Kirudishe ulikokitoa. Na lenzi ya idara niletee baada ya sherehe, huko nyumbani wataihitaji."

Alipofika nyumbani baba alikwishamaliza mkono wa pili. Ukuta ulimeta mpaka unaumiza macho. Daktari alisema, "Nimepita, baba," na baba akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akauliza, "Na chenyewe?" Binti akamwonyesha bakuli. Baba alilitazama bakuli, akautazama ukuta, akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akarudi na patasi na nyundo.

"Kaka!" shangazi alipiga kelele. "Kaka, una wazimu? Sherehe imekaribia, watu wanakuja!"

Fundi rangi hagusi ukuta uliokwisha. Hata ukucha haruhusu uuguse. Lakini yule alipiga magoti chini ya bomba, akaweka patasi juu ya weupe wake mwenyewe, akagonga. Alitoboa kipande cha ukubwa wa viganja viwili mpaka kwenye plasta ya zamani, akakiparuza kiwe na mikwaruzo ya kushikia, akakilowesha. Daktari alibandika mabonge moja moja kwa udongo laini, na baba akayakandamiza kwa dole gumba. Bomba halikutengenezwa. Aliligeuza kidogo tu, tone lipate kuangukia pale pale.

Siku ya sherehe viti vilikuwa vya rangi ya shangazi na watu walijaa. Daktari alipita na joho lake akipokea mikono, na bado aliangalia chini, kwa sababu kila aliyempa mkono alimwita kwa jina lile. Mwenye duka la dawa, mteja mkubwa wa baba, alimsimamisha katikati ya ua kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Daktari wetu! Haya tuambie, hospitali gani tuje kukuona?"

Daktari alifungua mdomo. Baba alimtangulia.

"Si daktari," alisema.

Mama aliweka sinia chini.

"Nilikosea mimi, niliwaambia vibaya. Ni biolojia." Alilitamka neno hilo polepole, kama aliyelifanyia mazoezi.

"Biolojia," mwenye duka la dawa alirudia, akitafuta la kusema kwa heshima. "Sasa hiyo, fundi, ndiyo kufanya nini hasa?"

Baba alinyoosha mkono, akavua lenzi shingoni mwa binti yake, akamshika mgeni wake kiwiko na kumwongoza nyuma ya nyumba, na kwa kuwa watu ni watu, wote wakafuata na sahani zao mkononi. Mbele ya ukuta mweupe kuliko kuta zote alizowahi kupaka, alimwonyesha kile kiraka cha kijani chini ya tone.

"Hapa ulisahau?" mtu aliuliza nyuma.

"Inama," baba alimwambia mwenye duka la dawa, kama binti yake alivyomfundisha. "Shika hii. Sogeza jicho mpaka uone kibuyu. Umekiona? Usiguse. Sasa pumua."

Yule bwana, na suti yake, aliinama akapumua. Alikaa hivyo hivyo. Alipumua tena, taratibu zaidi, na watu waliokuwa karibu wakaona kisogo chake kimetulia tuli na mkono wake wa pili ukipapasa ukuta, ukitafuta pa kushikia kwenye rangi isiyoruhusiwa kuguswa. Baba hakumkataza.

"Ndiyo hiyo," baba alisema. "Ndiyo anayosomea mwanangu."